Nilivyokwenda Hasamba Kumposa Mwalimu wa Kiingereza

Mwalimu wangu wa tatu aliniaga kwa simu akiwa tayari yuko Nairobi. Nilikaa kwenye ngazi za shule nikacheka, maana kulia nilishalia kwa yule wa kwanza. Wa kwanza alikuwa kijana Mwingereza aliyependa sana viazi vya Iringa na kuchukia sana kazi za Jumamosi. Wa pili alikuwa Mmalawi mpole, akaondoka kwa upole wake bila hata kugombana. Na huyu wa tatu, Mkenya, nilimwongezea mshahara mara mbili na bado akaenda. Nikasema basi, hawa watu wa nje hawashibi.

Shule yenyewe ni vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Iringa. Jioni wanakuja wahudumu wa hoteli, waongoza watalii wanaopeleka watu Ruaha, na mama mmoja msusi wa vikapu ambaye anataka kuwauzia wageni bila dalali. Wote wanapenda mwalimu wa nje, asiyekubali Kiswahili darasani, ili wakikwama wasipate pa kukimbilia. Mwenye jengo alikuwa ameshanipa neno lake: Januari ikifika sina mwalimu, vyumba anampa mtu wa magodoro. Ameshamwonyesha na pa kuyapanga.

Aliyenitoa nyumbani ni Sanga, dereva wa lori la kwenda Zambia, ambaye zamani alisoma kwangu. Alipita kunisalimia akanikuta nimenuna.

"Mama Upendo, unahangaika na watu wa mbali bure," alisema. "Pale Tunduma yupo mwalimu Mzambia, Esta Nanyangwe. Mawakala wa forodha pale wanaongea Kiingereza kwa sababu yake. Mkataba wake unaisha mwezi huu, na hataki kuongeza."

"Kwa nini hataki?"

"Hilo kamuulize mwenyewe. Mimi ni dereva tu."

Asubuhi ya Alhamisi nikapanda basi na mkataba kwenye mkoba, kipengele cha mshahara nimekiandika kwa herufi nene. Nilikuwa na uhakika kwamba mtu yeyote mwenye macho akikiona ataomba kalamu.

Mafinga tulipita kwenye ukungu, mbao zimepangwa kando ya barabara zikinukia msonobari. Makambako upepo ulikuwa wa kukata masikio. Nilishuka nikanunua chai na mahindi ya kuchoma, nikarudi kwenye kiti changu nikiwa na furaha ya mtu aliyeacha mapazia, masufuria na madaftari ya watu nyuma yake. Miaka yote nimewafundisha wengine jinsi ya kusema "I am travelling", na mwenyewe sikuwahi kuvuka Makambako! Baada ya Igawa baridi iliisha ghafla, abiria wakaanza kuvua masweta, na mashamba ya mpunga ya Usangu yalikuwa makavu yakisubiri mvua. Uyole tukavaa masweta tena.

Kabla hatujafika Tunduma tulianza kupita foleni ya malori. Niliyahesabu kwa kujifurahisha nikachoka. Madereva walikuwa wamekaa vivulini mwa matairi wakicheza bao na kupika, wengine wamefunga kamba za nguo kati ya lori na lori. Nilimtafuta Sanga kwa macho nisimwone, baadaye nikasikia kwamba naye alikuwa humohumo kwenye foleni, nyuma zaidi.

Tunduma yenyewe ni mji wenye haraka. Wabadilisha fedha wanakuita huku wameshika vibunda vya kwacha, mikokoteni inapita na magunia, na huwezi kujua kwa kutazama duka lipi liko Tanzania na lipi liko Nakonde, upande wa Zambia. Mwenye nyumba ya wageni alinisalimia kwa Kibemba, "Mulishani, mama?" Nami kwa kupaniki nikamjibu kwa Kihehe chetu: "Kamwene!" Tukacheka wote wawili, akaniletea maji ya moto ya kuoga.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwenye kituo anakofundisha Esta, nikaomba kukaa nyuma kabisa. Mwalimu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya kufika sokoni. Darasa lilikuwa limegeuzwa kuwa mpaka. Mwanafunzi mmoja muuza chipsi alikuwa afisa wa forodha, meza yake ndiyo geti, na wakala mmoja mwenye kitambi alitakiwa kumwelezea kwa Kiingereza kwa nini lori lake la marumaru lipite. Akakosea jina la mzigo. Esta hakumkatiza. Muuza chipsi akamnyang'anya lori, darasa zima likapiga meza, na wakala akaomba arudie kesi kwa hasira za kweli. Mara ya tatu lori lilipita. Mimi mgeni nilijikuta nimesimama napiga makofi.

Hapo ndipo nilipomtaka huyu mwanamke kwa moyo wangu wote. Sikumtaka kwa ajili ya vyumba tu. Nilimwona yule mama wa vikapu akiwa geti lile, akigombea bei.

Baada ya kipindi nilimpeleka kwa mama ntilie, tukaagiza chapati na maharage. Nikautoa mkataba na kuufungulia palepale penye herufi nene. Esta aliusoma taratibu huku akitafuna.

"Mshahara wako ni mzuri, mama. Natotela sana," alinishukuru kwa lugha ya kwao. "Lakini hata hapa mshahara uliandikwa vizuri. Baadaye nikaambiwa unahesabiwa kwa vichwa vya wanafunzi. Wanafunzi wangu ni watu wa mpakani. Siku kuna kazi nyingi getini, darasa tupu, na mimi mkono mtupu. Saa nazo zikawa zinaumuka tu kama unga wa maandazi. Asubuhi, jioni, Jumapili baada ya kanisa."

"Pole, mwanangu."

"Pasipoti yangu ilikaa kwenye kabati la bosi, eti kwa usalama. Bibi yangu alipofariki pale Nakonde, nikaambiwa nimalize kwanza kipindi, halafu nisubiri mwenye funguo za kabati. Mama, dirisha la darasa langu linaonyesha Zambia. Nilikuwa naona bati za kwetu, na kumzika bibi sikuwahi."

Nilirudisha chapati sahanini. Nikamwambia kwangu hayo hayapo, akatikisa kichwa kwa adabu.

"Labda hayapo. Lakini mimi sitii sahihi tena peke yangu. Mara ya kwanza nilitia peke yangu, nikalia peke yangu. Shangazi yangu, dada yake baba, ameolewa Hasamba, kule Vwawa, kwa mzee Nzunda. Hao ndio wazazi wangu upande huu. Nenda ukaseme nao. Kesho nikimaliza kipindi na mimi nitakuja huko."

Nakiri nilikasirika. Mtu mzima, mwenye shahada, ananituma nikamwombe kwa shangazi! Nilitaka kumwambia kwamba nimeshaajiri watu wenye ndevu bila kumwona shangazi wa yeyote. Kisha nikakumbuka magodoro, nikauliza gari za Vwawa zinapatikana wapi.

Jumamosi mapema nilikuwa sokoni Vwawa. Sisi hatuendi kwa watu mikono mitupu, kwa hiyo nilinunua sukari, mafuta ya kupikia na doti ya khanga. Mvua zilikuwa karibu na kila mtu alikuwa anatazama mbinguni, na wenyeji wangu ni wakulima wa kahawa na mahindi, nikaona zawadi ya maana itakuwa jembe. Nikachagua moja jipya, zito, bado halina mpini.

"Unalipeleka wapi, mama?" aliuliza mwanamke aliyeniuzia.

"Hasamba. Kuna binti nimemjia."

Alitabasamu mpaka gego la mwisho, akalifunga jembe ndani ya khanga vizuri kama mtoto mchanga, akanipunguzia na bei bila kuombwa. Nikasema moyoni, watu wa Vwawa ni wakarimu kweli.

Bodaboda ilinipandisha kwenye udongo mwekundu, kahawa kulia na kushoto, migomba katikati. Nyumba ya mzee Nzunda ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na mbele yake mbwa mkubwa wa njano. Mzee, alipojua natoka Iringa, alimwita mkewe kwa sauti: "Mfungie mbwa ndani, Mhehe amefika!" Nikamjibu kwamba nimeshakunywa chai, leo mbwa wake ana bahati, sitamla. Tangu hapo tukawa watani. Nzunda ni mtu mwembamba mwenye ubishi mwingi, na shangazi ni mnene mwenye maneno machache, lakini yakitoka hayapingwi.

Tulipokaa sebuleni nikatoa zawadi. Sukari, asante. Mafuta, asante. Nikafungua khanga na kulilaza jembe sakafuni, katikati yetu, nikasema, "Nimekuja kwa ajili ya binti yenu Esta."

Walitazamana. Shangazi akaweka kikombe chini, akapiga vigelegele vya kupasua bati. Kutoka nyumba ya jirani wakamjibu. Mzee akatoka nje, na muda si muda wakaingia ndugu zake wawili wakifunga vifungo vya makoti, na huko uani nikasikia kuku akikimbizwa. Nami nilikaa pale natabasamu, nikifikiri kwamba elimu inathaminiwa sana wilaya hii ya Mbozi.

"Sasa," alisema mzee Nzunda baada ya kukohoa, "huyo kijana ni wa kumzaa mwenyewe, au ni wa ndugu yako?"

"Kijana gani, baba?"

"Anayeoa."

Ndipo nikaeleweshwa. Wazee wa huku walikuwa wafua chuma, na jembe jipya lisilo na mpini, likiletwa na mgeni na kulazwa sakafuni huku jina la binti likitajwa, ndiyo posa yenyewe. Siku hizi vijana wanaleta bahasha, lakini ukoo huu bado unataka kwanza waone jembe. Nikajieleza kwa haraka: shule, Januari, mwalimu, mkataba. Nikanyoosha mkono nilichukue jembe langu.

"Liende wapi?" aliuliza shangazi. "Vigelegele nimeshapiga. Majirani wameitikia. Niwaambie nini, nilikuwa nasafisha koo?"

"Na kuku ameshachinjwa," alisema mmoja wa wale ndugu, kwa sauti ya mtu ambaye kwake hilo ndilo lililokuwa muhimu.

Mzee Nzunda alilitazama jembe, akaligusa kwa kidole cha mguu. "Kumwoa unamchukua, kumwajiri unamchukua. Kwetu anatoka vilevile, kwako analala vilevile. Mama, wewe umeposa. Utahojiwa kama waposaji wote."

Wakati huo bodaboda ikaingia uani na Esta juu yake. Alipoambiwa kilichotokea alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na sare yake ya kazi. Akataka kuingia, shangazi akamzuia mlangoni. Binti anayeposwa haketi na wageni, anakaa jikoni. Basi mwalimu mwenye shahada akapelekwa jikoni akamenye ndizi.

Nimeshafanya mahojiano mengi ya kazi. Sijawahi kufanyiwa yaliyofanana na yale.

"Akiugua, nani atajua kabla hakujapambazuka?" alianza shangazi. Nikasema chumba chake kiko nyuma ya nyumba yangu. "Kina funguo ngapi?" Nikasema mbili, moja yangu. "Ya kwako utampa yeye." Nikakubali.

"Mvua ikinyesha wanafunzi wasije," alisema mzee, "mshahara nao unalowa?"

Nikasema mshahara wangu ni wa mwezi, mvua au jua. Kutoka jikoni tukasikia: "Muulizeni na pasipoti!"

"Pasipoti atakaa nayo mwenyewe," nikapaza sauti kuelekea jikoni.

"Na kibali cha kazi?"

"Nitakihangaikia mimi, na gharama zangu!"

"Akifiwa?" aliuliza shangazi. Hilo hakulipazia sauti. Jikoni nako kisu kikanyamaza.

Nikawaambia akifiwa anaondoka siku hiyohiyo, nauli natoa mimi, na kama kuna kipindi nakiendesha mwenyewe na Kiingereza changu cha kukwaruza. Shangazi akaitikia kwa kichwa. Nadhani hapo ndipo nilipopata mwalimu, ingawa ubishi bado ulikuwa mbichi.

Maana tulikuja kwenye Jumamosi. Jumamosi ni siku yangu nzuri, waongoza watalii hawana nafasi siku nyingine. Mzee akataka ipumzikwe yote. Nikamwambia kwa bei hiyo achukue na shule. Akasema anaichukua, niilete. Ndugu zake wakaegemea ukuta kufaidi, nami nikaanza kufaidi pia, sikumbuki lini mara ya mwisho niligombana na mtu kwa raha namna ile. Tukaishia Jumamosi asubuhi tu, na ikipita mchana ni saa ya ziada yenye malipo yake. Mzee akataka Esta apewe na kitalu cha mboga, nikatoa. Akajaribu kuomba na mbuzi. Nikamkumbusha kwamba mbuzi ni wa mahari, na mwalimu wangu halipiwi mahari, analipwa mshahara, akacheka akaachia.

Mshahara, niliouandika kwa herufi nene, waliuuliza mwisho kabisa, kwa swali moja. "Tarehe yake ni moja," aliuliza mzee, "au kila mwezi una tarehe yake?"

"Ni moja."

"Basi."

Likabaki la mshenga. Shangazi alisema ndoa isiyo na mtu wa kati inaoza ndani kwa ndani, kila mmoja anameza lake. Esta akikwazika kwangu atamwambia nani ambaye nami namheshimu? Nikamtaja Sanga, anayepita Iringa na Tunduma kila mara. Tukampigia, simu ikawekwa spika. Alikuwa bado kwenye foleni ya mpakani, lori halijasogea.

"Sanga, umekuwa mshenga," nilimwambia.

"Mama, mimi nimefanya nini tena?"

Alipoelezwa alikubali, kwa sharti kwamba mshenga naye atunziwe paja la kuku. Wakamwambia amechelewa.

Esta alitolewa jikoni, mikono ina utomvu wa ndizi. Tukaandika yote upya kwa kalamu, mzee akitaka kila jambo lisomwe kwa Kiswahili kwanza. Esta akasoma, akamtazama shangazi yake. Shangazi akamwambia, "Sasa tia." Akatia.

Nilipouliza kuhusu jembe, mzee Nzunda alilichukua akalisimamisha kwenye kona ya sebule. "Hili litakaa hivi," alisema. "Halitiwi mpini. Muhula wa kwanza ukiisha, mtoto atakuja hapa aseme amekaaje kwako. Akisema vizuri, nitalitia mpini na kulima nalo. Akisema vibaya, Sanga atakurudishia chuma chako."

Jumapili nilirudi. Basi lilipopanda kuelekea Makambako mvua ya kwanza ilitukuta, na mimi kiti cha dirishani nikiwaza walimu wangu watatu. Kila mmoja nilimwongezea pesa. Sikuwahi kumuuliza yeyote nani atajua akiugua, wala mama yake anaitwa nani. Nilidhani kazi ni mshahara na saa, na mengine ni ya mtu na Mungu wake. Kumbe mtu anayekuja kufundisha nchi ya watu anaacha nyumba nzima nyuma yake, na nyumba hiyo ina haki ya kukuuliza maswali. Iliniuma kidogo. Lakini zaidi nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimejua.

Januari Esta alifika, vyumba vikajaa, na muuza magodoro akatafuta pengine. Yule mama wa vikapu sasa anawatoa jasho watalii kwa lugha yao. Tuligombana na Esta mara mbili, mara zote Sanga akapiga breki mlangoni, akanywa chai, akatusikiliza kila mtu kwa zamu yake.

Muhula ulipoisha mwezi wa nne, nilimsindikiza hadi kwenye lori la Sanga kwenda likizo. Nilimwambia asalimie. Sikuthubutu kusema zaidi. Wiki ile nilisafisha madirisha ambayo hayakuwa machafu, na kila lori lililopunguza mwendo nilichungulia kama limebeba chuma changu.

Likizo ilipokwisha, jioni, honi ikalia chini, mbele ya duka. Sanga alishuka mikono mitupu, akafungua mlango wa pili. Esta akateremka na furushi la khanga, ileile niliyoipeleka. Nikatazama kama lina uzito wa jembe. Akalifungua mezani kwangu: mahindi mabichi, ya kuchoma, bado yana umande wa Hasamba.

"Shangazi anasema uyale yakiwa ya moto," alisema. "Mzee amelipalilia shamba lote la kahawa kwa jembe lako, na anasema lina mkono mzuri."

"Lina mpini?"

"Mama, lina mpini tangu siku niliyofika likizo. Hata chai sikuwa nimemaliza."